Kujifunza kwa watakatifu wa kale wa Ireland: mwongozo kamili kwa Mkristo wa leo

Majeshi ya Roma hayakuwahi kuitawala Ireland. Papa Celestine alipomtuma Palladius huko mwaka 431 awe askofu wa Wakristo wachache waliokuwapo, kisiwa kile hakikuwa na miji wala barabara za Kirumi. Kilikuwa na koo, wafalme wadogo wadogo na ng'ombe wengi. Katika muda wa miaka kama 200 tu, kisiwa hicho kilikuwa kinapeleka walimu, wanakili wa vitabu na wamisionari Uskoti, Uingereza, Ufaransa, Uswisi na Italia.

Siku hizi wengi wanavutwa na mandhari yao: misalaba ya mawe, visiwa vyenye ukungu, nyimbo laini. Hayo yana uzuri wake, lakini hayakumlea mtakatifu hata mmoja. Kilichowalea ni utaratibu wa kila siku, ulioshikwa chini ya jicho la mtu mmoja aliyewajua vizuri. Safari zao, ujasiri wao mbele ya wafalme na ukarimu wao vilichipuka hapo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na chumba chako kabla ya kufika barabarani.

Ni mwongozo wa Mkristo wa dhehebu lolote. Watu hawa waliishi kabla Kanisa la Mashariki na la Magharibi hayajatengana, na karne nyingi kabla ya Martin Luther. Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi wote wanawakumbuka: Brigid tarehe 1 Februari, Patrick 17 Machi, Columba 9 Juni. Unachohitaji ni Biblia, daftari na, baada ya muda, mtu mmoja. Usianze hatua zote kwa pamoja. Chukua mbili za kwanza kwa mwezi mzima, kisha ongeza moja moja.

Hatua ya kwanza: wasikilize wenyewe kabla ya kusikiliza hekaya zao

Patrick anajulikana kama mtu aliyewafukuza nyoka Ireland. Ukweli ni kwamba kisiwa kile hakikuwa na nyoka tangu zama za barafu. Tulicho nacho cha hakika ni bora kuliko nyoka: maandishi mawili aliyoyaandika mwenyewe kwa Kilatini, Ungamo lake lenye vifungu 62, na barua yake kwa askari wa mtawala mmoja aliyeitwa Coroticus. Yote mawili yanapatikana bure kwenye intaneti. Soma vifungu viwili vya Ungamo kwa siku na utamaliza kwa mwezi mmoja.

Utakutana na kijana wa Uingereza ya Kirumi, mtoto wa shemasi na mjukuu wa padre, ambaye anakiri kwamba hakuwa akimjua Mungu wa kweli. Hapo wazazi wengi wa Kikristo wanapaswa kutua na kufikiri. Nyumba ilikuwa ya kanisa, na mtoto alikuwa nje. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 16, maharamia walimteka wakampeleka Ireland, akachunga mifugo kama mtumwa kwa miaka sita. Huko malishoni ndiko alikojifunza kuomba. Anasema alifikisha sala kama mia kwa siku na karibu idadi hiyo hiyo usiku, akiamka kabla ya mapambazuko katika theluji na mvua. Alitoroka, akafika kwao, kisha baada ya miaka akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu wa nchi iliyomfanya mtumwa.

Ukisoma, andika daftarini kila mahali anapozungumzia fedha. Utashangaa. Anauliza waziwazi: alipobatiza maelfu, je, alimdai yeyote hata senti? Kama yupo, aseme, naye atamrudishia. Wanawake walipoweka mapambo yao juu ya altare kama zawadi kwake, aliwarudishia hata pale walipoudhika. Kipimo hicho kihifadhi, utakihitaji katika hatua ya tatu.

Kuhusu wengine, soma kwa tahadhari kidogo. Wasifu wa Columba, mwanzilishi wa monasteri ya kisiwa cha Iona huko Uskoti, uliandikwa na Adomnán, abati wa tisa wa hapo, yapata miaka mia baada ya kifo cha Columba. Wa Brigid uliandikwa na Cogitosus katika karne ya 7, naye Brigid alikuwa amekwisha kufa zaidi ya karne moja. Miujiza imejaa humo. Isome kama masimulizi ya watu waliotaka kuonesha mtakatifu alikuwa mtu wa namna gani, na jiulize kila mara: kisa hiki kinamsifu kwa tabia ipi?

Hatua ya pili: shika Zaburi

Kama kuna kitabu kimoja kilichowalea wamonaki wa Ireland, ni Zaburi. Mtoto alijifunzia kusoma humo. Katika kanuni ambayo Columbanus, mmonaki wa Ireland aliyejenga monasteri Ulaya bara, aliwaandikia wamonaki wake, usiku mrefu wa baridi wa Jumamosi na Jumapili uliimbwa hadi zaburi 75. Columba mwenyewe alikuwa akinakili Zaburi siku yake ya mwisho duniani, mwaka 597. Adomnán anasema alifika kwenye maneno "wamtafutao Bwana hawatahitaji kitu chochote kilicho chema", akaweka kalamu chini na kusema Baithéne aandike yanayofuata. Mstari unaofuata ni "Njoni, enyi wana, mnisikilize", nao ulimfaa Baithéne, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anakwenda kuwa baba wa jumuiya.

Kwako wewe mwenye kazi, foleni na watoto wa kupeleka shule, zaburi 75 kwa usiku haziwezekani wala hazitakiwi. Fanya hivi. Zaburi ni 150, na mwezi una siku 30, kwa hiyo ni tano kwa siku. Tumia tarehe: leo ikiwa tarehe 7, soma Zaburi ya 7, 37, 67, 97 na 127. Kesho unaongeza moja kwa kila namba. Zaburi ya 119 ni ndefu mno. Iache isubiri tarehe 31, au igawe katika siku za mwisho wa wiki. Mbili asubuhi, moja mchana, mbili kabla ya kulala. Zisome kwa sauti hata kama ni ya chini, maana macho peke yake hukimbia.

Katika zaburi utakutana na hasira, wivu wa kuona waovu wakistawi, hata laana. Usiziruke. Wamonaki hawakuziruka, na moyo wako una mambo hayo hayo ndani yake.

Baada ya zaburi, omba kwa mpangilio ambao Columbanus aliuweka kwa sala za mchana. Kwanza kwa ajili ya dhambi zetu wenyewe. Kisha kwa ajili ya Wakristo wote, kwa mapadre na waliowekwa wakfu, kwa wanaotoa sadaka, kwa amani ya wafalme, na mwisho kabisa kwa ajili ya adui. Ni dakika nne tu. Mimi naona hekima kubwa katika huo mpangilio: unaanza na kosa lako na unamaliza na aliyekukosea, na wote wawili wanahitaji rehema ile ile.

Hatua ya tatu: tafuta rafiki wa roho

Hapa ndipo penye kiini cha yote, na ndipo makanisa yetu yanapopungukiwa zaidi. Tuna mikesha, semina, kwaya, jumuiya ndogo ndogo na makundi ya maombi. Mtu anaweza kuhudhuria yote hayo kwa miaka kumi na asiwe na hata mmoja anayejua kinachomsumbua usiku.

Waireland walimwita mtu huyo kwa jina lao wenyewe, anmchara, yaani rafiki wa roho. Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Brigid. Kijana mmoja mhudumu wa kanisa alifiwa na rafiki yake wa roho. Brigid akamwambia aende, na asile chochote mpaka ampate mwingine, kwa sababu mtu asiye na rafiki wa roho ni mwili usio na kichwa. Brigid ndiye aliyeanzisha Kildare, jumuiya iliyokuwa na wanaume na wanawake, na maneno yake yalipokewa na wote. Rafiki wa roho hakulazimika kuwa padre. Íte, mwanamke wa Killeedy, anakumbukwa kama mlezi wa watakatifu, akiwamo Brendan yule baharia.

Utampataje? Anza kwa kuangalia, usikimbilie kuomba. Tafuta mtu aliyekutangulia katika imani, anayeomba hata pasipo kipaza sauti, na ambaye hujawahi kumsikia akitoa siri ya mtu mwingine. Hicho cha mwisho ni kikubwa kuliko vyote. Akikusimulia leo ya jirani, kesho atamsimulia jirani ya kwako. Anaweza kuwa padre au mchungaji, mtawa, katekista, mama mzee wa kanisa, au mwenzako wa kazini mwenye kina. Kama una ndoa, ni vyema awe wa jinsia yako, na mwenzi wako ajue kwamba unamwendea.

Epuka mtu wa aina tatu. Wa kwanza ni yule anayedai fedha, au anayekuuzia maji na mafuta ya upako; mpime kwa kipimo cha Patrick. Wa pili ni yule mwenye unabii wa haraka juu ya maisha yako kabla hajakusikiliza. Wa tatu ni yule anayekubaliana na kila unalosema, kwani huyo ni mpambe.

Ukimpata, mwambie wazi unachotaka: "Shikamoo mama. Naomba uwe unanisikiliza mara moja kwa mwezi, na unisahihishe." Watu wengi watashtuka kidogo, kisha watafurahi. Kutaneni mahali penye faragha lakini panapoonekana. Kila mara mpelekee mambo matatu: sala yako ilikwendaje, ulianguka wapi, na ni nani hujamsamehe. Msimalize bila kuomba. Mazungumzo ya saa moja yanatosha.

Kwa Mkatoliki, rafiki wa roho hachukui nafasi ya sakramenti ya kitubio, ingawa historia zao zimeshikana. Katika Kanisa la zamani la Magharibi, toba ya dhambi kubwa ilifanywa hadharani, na kwa kawaida mara moja tu maishani. Watu wa Ireland walizoea kuungama kwa siri, mara kwa mara, kwa mtu anayewajua. Wamisionari wao walieneza desturi hiyo Ulaya, na maungamo ya leo parokiani yana mizizi yake humo.

Hatua ya nne: tibu kosa kwa kinyume chake

Finnian, Columbanus na Cummean waliandika vitabu vya toba ili kuwasaidia wanaoongoza roho. Wazo lao kuu walilirithi kwa Yohane Cassian, mwandishi wa kale wa mambo ya wamonaki, na wazee wa jangwani: kinyume huponywa kwa kinyume. Columbanus anataja mifano. Msemaji mno apewe kunyamaza, msumbufu apewe upole, mlafi afunge, mpenda usingizi akeshe.

Chagua kosa moja tu, lile ambalo rafiki yako wa roho analiona pia, kisha mpange pamoja zoezi lake kwa wiki nne. Unayesengenya kwenye kundi la WhatsApp, nyamaza humo wiki nzima, kisha mtaje kwa wema yule uliyemsengenya, mbele ya watu wale wale. Mwenye deni analolikwepa ampigie anayemdai, amtajie tarehe, na aanze kulipa hata kidogo kidogo. Mwenye hasira nyumbani afanye kazi moja ya kumhudumia yule anayemkasirisha, kila siku, kimya kimya. Kuomba toba bila kurudisha ulichochukua hakukutosha kwao. Aliyeiba alitakiwa kurudisha.

Lakini yako mambo ya kuacha katika vitabu hivyo. Vina adhabu za miaka ya mkate na maji, na kanuni ya jumuiya ya Columbanus ilimpa mapigo sita mtu aliyekohoa akaharibu mwanzo wa zaburi. Hilo silitetei. Mwili wa mtu hauponywi kiburi kwa fimbo, na yeyote anayekuamuru ujiumize kwa jina la toba umkimbie.

Hatua ya tano: funga, fanya kazi, soma, kila siku kidogo

Columbanus ana mafundisho mafupi kuhusu chakula ambayo ningependa kila kanisa linalotangaza mifungo ya siku 40 liyasikie. Chakula cha wamonaki kiwe cha kawaida, cha jioni, mboga, kunde na maharage, unga uliochanganywa na maji, na mkate mdogo. Msomaji wa kwetu ataona hapo uji na maharage. Kiutunze mwili bila kuulemea, kwa sababu mtu asiye na nguvu hawezi kusonga mbele. Kisha anasema inatupasa kufunga kila siku kama inavyotupasa kula kila siku, na vivyo hivyo kuomba kila siku, kufanya kazi kila siku na kusoma kila siku.

Badala ya mfungo mmoja mkali unaokulaza hoi, punguza kidogo kila siku. Acha kitu kimoja, kama soda, nyama ya katikati ya wiki au kijiko cha pili cha sukari, na fedha hiyo itoe sadaka. Jumatano na Ijumaa, ambazo wamonaki walizishika kama siku za mfungo, ruka mlo mmoja. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo na anayetumia dawa zinazohitaji chakula wasifunge chakula, wafunge simu.

Kusoma kwao kulikuwa kazi ya mikono pia. Walinakili vitabu herufi kwa herufi kwenye ngozi za ndama. Nakili nawe kwa mkono mistari mitano ya Injili kwa siku. Ukianza na Marko utaona maneno ambayo umeyapita mara mia.

Hatua ya sita: acha mlango wazi

Mwanahistoria Bede, Mwingereza aliyetofautiana nao kuhusu tarehe ya Pasaka, anashuhudia kwamba katikati ya karne ya 7 Waingereza wengi walivuka bahari kwenda kusoma Ireland. Wenyeji waliwapa chakula cha kila siku, vitabu na mafundisho bila malipo. Sifa kutoka kwa mtu wa upande mwingine ina uzito wake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Columba na korongo. Alimwita ndugu mmoja, akamwagiza akae ufukweni upande wa magharibi wa Iona siku ya tatu, kwa kuwa baada ya saa tisa atatua mgeni kutoka Ireland, korongo aliyechoshwa na upepo. Amchukue, ampeleke nyumba ya karibu, amlishe siku tatu mchana na usiku. Ikawa hivyo, na baada ya siku tatu ndege akaruka kurudi kwao. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Korongo alipewa siku ya tatu nzima.

Fanya hili kwa vitendo: tenga sahani moja ya ziada mara moja kwa wiki, na umjue mapema atakayeila. Inaweza kuwa mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani, mjane, au kijana wa bodaboda anayekula peke yake. Usimpe mabaki.

Hatua ya saba: ondoka, au geuza kuondoka kwako kuwa utume

Kuacha nyumbani kwa ajili ya Kristo waliita kifodini cheupe, kwa kuwa kwao kulikuwa na wafiadini wachache wa damu. Columba alikwenda Iona mwaka 563 na wenzake 12. Columbanus aliondoka monasteri ya Bangor, Ireland, na 12 wengine, akajenga monasteri ya Luxeuil huko Gaul (Ufaransa ya leo), na akafia Bobbio, Italia, mwaka 615. Mwaka 891 Waireland watatu walitua Uingereza katika mtumbwi wa ngozi usio na makasia, wakisema walitaka kuwa ugenini kwa upendo wa Mungu, popote pale. Moyo huo ulitufikia hata sisi: Shirika la Wamisionari la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa mwaka 1932, lilipeleka mapadre Turkana, na Bruda Colm O'Connell wa Mabruda wa Mtakatifu Patrick alifika Iten mwaka 1976 kufundisha, akabaki.

Huenda wewe tayari umeondoka. Uko Muscat, Doha, London au Minnesota kwa ajili ya kazi. Geuza safari hiyo. Jifunze lugha ya hapo kwa bidii, tafuta kanisa la mahali ulipo na si la kwenu tu, na uwe na jina moja la mwenyeji unayemwombea.

Kwa anayetumwa kufundisha imani, mwalimu wako ni Aidan. Mfalme Oswald wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, aliomba askofu kutoka Iona. Wa kwanza aliyekwenda alirudi akilalamika kwamba watu wale ni wagumu wa shingo. Aidan, aliyekuwa kikaoni, akamwambia kwa upole kwamba huenda aliwabana mno, kumbe angewapa kwanza maziwa ya mafundisho laini. Wakamtuma yeye, mwaka 635. Alitembea kwa miguu, akiongea na kila aliyekutana naye. Mfalme mwingine, Oswin, alipompa farasi mzuri, alimpa maskini wa kwanza aliyemwomba. Katekista mwenye pikipiki haachi pikipiki yake, lakini anaweza kuizima, akashuka na kusalimia.

Hatua ya nane: sema, mnyonge anapouzwa

Askari wa Coroticus waliwateka Wakristo ambao Patrick alikuwa amewabatiza, krisma ikiwa bado inang'aa kwenye paji la uso, wakawaua baadhi na kuwauza wengine. Patrick alituma kwanza padre kuwaomba wawarudishe. Wakamcheka. Ndipo akaandika barua ya wazi, akawatenga na ushirika na kuwataka waamini wasile wala kunywa nao mpaka watubu kwa machozi na kuwaachia huru watumwa. Waliowafanyia hivyo walijiita Wakristo, na hilo halikumzuia. Aidan naye alitumia fedha za zawadi kuwakomboa waliouzwa utumwani, na baadhi yao akawafundisha mpaka wakawa mapadre. Mwaka 697, huko Birr, Ireland, Adomnán aliwakutanisha viongozi wa kanisa na wafalme wakakubali sheria ya kuwalinda wanawake, watoto na wahudumu wa kanisa wakati wa vita.

Pwani yetu ilijua utumwa, na Bagamoyo bado ina misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 ikapokea watoto waliokombolewa. Leo biashara hiyo inapita kwa ahadi ya kazi nje, pasipoti iliyozuiliwa na binti wa kazi asiyelipwa. Fuata mpangilio wa Patrick: kwanza mwendee mhusika ana kwa ana, ukiwa na shahidi, umwombe arekebishe. Akikataa, peleka kwa maandishi kwa wazee wa kanisa na kwa vyombo vya sheria. Kama mhusika ni mshirika wa kanisa lenu anayetoa michango mikubwa, kanisa liache kuipokea mpaka aliyedhulumiwa alipwe.

Parokiani au kanisani kwenu, chagueni watu wawili wa kukaa na kila kijana anayepanga kwenda kufanya kazi nje kabla hajasaini kitu. Wasome naye mkataba mstari kwa mstari, wathibitishe kama wakala ana leseni, wanakili pasipoti yake na kuihifadhi, na wakubaliane naye siku ya wiki atakayopiga simu. Siku hiyo ikipita kimya, waanze kumtafuta siku hiyo hiyo.